Vikumbusho vya Sinema na Kumbukumbu za Delta ya Rufiji: Bango, Meli na Neno

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya vitu vitatu ambavyo si kawaida kutajwa pamoja: bango la filamu, mabaki ya meli ya kivita, na neno la Kiswahili. Kinachoviunganisha ni kitendo cha kukusanya. Katika miji ya Ulaya na Marekani wako mashabiki wa filamu kongwe ambao hutafuta, hununua na hutunza vikumbusho vya nyota wa sinema. Miongoni mwa vikumbusho hivyo yamo mabango ya filamu ambayo chimbuko la kisa chake ni delta ya Rufiji, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Swali linalotushughulisha ni hili: ikiwa kisa ni cha Rufiji na bango liko katika fremu ya mkusanyaji wa mbali, ni nini kilichobaki Rufiji, na ni nani anayekikusanya?

Tutaanza kwa kueleza maana na taratibu za ukusanyaji. Kisha tutaangalia kisa cha meli ya Königsberg na filamu iliyotokana nacho. Baada ya hapo tutajadili nafasi ya msamiati kama kikumbusho, na mwisho tutatoa mapendekezo kwa watafiti wa fasihi na isimu.

2.0 Ukusanyaji: maana na taratibu

Kwa istilahi vikumbusho vya sinema tuna maana ya vitu vilivyoandamana na filamu bila kuwa filamu yenyewe: mabango, picha za waigizaji zilizotiwa saini, kadi za picha zilizobandikwa kwenye sebule za majumba ya sinema, vijitabu vya nyimbo za filamu za Kihindi, vipeperushi na tikiti. Sifa moja inavikutanisha vyote. Havikutengenezwa ili vitunzwe. Vilikuwa vya kutangaza onyesho la wiki, na wiki ilipokwisha kazi yake nayo ilikwisha.

Thamani yake inatokana na sifa hiyo. Kwa mfano, bango la Marekani aghalabu halikuuzwa kwa umma. Jumba la sinema lilikodishiwa, likalitumia, kisha likatakiwa kulirudisha au kulitupa. Machache yaliyosalimika yalisalimika kwa sababu kuna mtu aliyekiuka utaratibu: mlinzi wa mlango, mwendesha mtambo, au mtoto aliyelibandua ukutani. Mkusanyaji wa leo hulipima kwa vigezo kadhaa. Hutazama vipimo, kwani bango la kawaida la Marekani lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, ilhali lile la Uingereza lililazwa kwa inchi 40 kwa 30. Hutazama mikunjo, kwa kuwa kabla ya miaka ya 1980 mabango mengi yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, hivyo bango la zamani lisilo na mkunjo hata mmoja huzua shaka. Hutazama pia namba ndogo iliyo chini, ambayo shirika la National Screen Service liliitumia tangu mwaka 1940 kuonyesha mwaka wa toleo.

Msomaji aliyewahi kushughulikia miswada ya tenzi ataona kwamba taratibu hizi si ngeni kwake. Mhakiki wa miswada naye hupima karatasi, wino na mkono wa mwandishi, hutenganisha nakala ya awali na nakala ya baadaye, na huuliza ni nani aliyeitunza na kwa nini. Kwa hiyo, si haki kumchukulia shabiki wa sinema kama mtu mwenye mchezo wa kitoto. Anafanya kazi inayokaribiana na ya mwanafilolojia, ingawa matini yake ni ya rangi na sura za watu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ushabiki wake mkubwa. Utafiti wa Laura Fair uliochapishwa mwaka 2018 umeonyesha kwa kina jinsi majumba ya sinema yalivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya Tanzania na Zanzibar katika karne ya 20. Filamu ya Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na kuigizwa na Raj Kapoor akiwa pamoja na Nargis, ilikumbukwa na watazamaji wa pwani kwa miongo mingi. Hata hivyo, baada ya kuenea kwa video katika miaka ya 1980 na kuanza kwa televisheni Tanzania Bara katika miaka ya 1990, majumba mengi yalifungwa au yakageuzwa kuwa maduka, maghala na nyumba za ibada. Jumba linapobadilishwa matumizi, karatasi zilizomo ndizo huwa za kwanza kutupwa.

3.0 Meli na filamu

Mnamo tarehe 20 Septemba 1914, meli ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baadaye, ikiwa na hitilafu katika mitambo yake, iliingia katika mikono ya delta ya Rufiji na kujificha nyuma ya mikoko. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima delta hiyo kabla ya vita, ilhali Waingereza hawakuwa na ramani za kuaminika. Sehemu za mitambo zilizoharibika zilikokotwa na wapagazi kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Waingereza waliziba mmojawapo wa milango ya delta kwa kuzamisha meli ya makaa iliyoitwa Newbridge mwezi Novemba 1914, lakini delta ina milango mingi. Hatimaye, tarehe 11 Julai 1915, vyombo viwili vyenye kina kifupi, Severn na Mersey, vikielekezwa na ndege zilizotazama kutoka angani, viliipiga Königsberg hadi mabaharia wake wakaiharibu wenyewe.

Mwisho wa meli ulikuwa mwanzo wa ukusanyaji. Wajerumani wenyewe waliokoa mizinga yake kumi mikubwa na kuitumia katika vita vya nchi kavu. Kazi ya kuikokota ilifanywa na nguvu za Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mzinga wowote. Leo mzinga mmoja uko katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Kuanzia mwaka 1924 wazamiaji walitumwa kutoa shaba na metali nyingine katika mabaki. Uchukuaji uliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960, ambapo gamba lililosalia lilididimia katika tope la mto. Kwa ufupi, vya kubebeka vilibebwa, na visivyobebeka vilimezwa na delta.

Mwaka 1968 mwandishi Wilbur Smith alichapisha riwaya ya Shout at the Devil, iliyokitumia kisa hiki kwa uhuru mkubwa. Filamu yake ilitolewa mwaka 1976 chini ya uongozaji wa Peter Hunt. Waigizaji wakuu walikuwa Lee Marvin na Roger Moore. Kwa mkusanyaji, majina haya yana uzito. Hunt alikuwa ameongoza filamu mojawapo ya James Bond mwaka 1969, na Moore alikuwa ameanza kuigiza nafasi hiyo ya Bond mwaka 1973. Ndiyo maana bango la filamu hii hutafutwa na watu ambao pengine hawajawahi kulisikia jina la Rufiji. Wanalitafuta kwa ajili ya nyota. Mahali pa tukio hapawahusu.

Ukiilinganisha filamu na tukio, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, meli imebadilishwa jina na kuitwa Blücher, na kuangamia kwake hakuletwi na mizinga ya Severn na Mersey bali na bomu la kutegwa lililopenyezwa ndani kwa hila ya mashujaa wachache. Pili, upigaji picha ulifanyika Afrika Kusini na Malta. Katika miaka hiyo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Hivyo mto unaoitwa wa Afrika Mashariki katika filamu ni mto wa nchi ambayo Mtanzania wa kawaida hakuweza kuitembelea. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mhusika Mohammed, msaidizi wa karibu wa mwindaji haramu O'Flynn, ameigizwa na Mwingereza Ian Holm, na ameumbwa kuwa bubu. Mhusika ambaye angetarajiwa kusema kwa niaba ya watu wa pwani hana sauti.

Hatudai kwamba mtunzi alikusudia ishara hiyo. Tunachosema ni kwamba kikumbusho hurithi mipaka ya kile kinachokumbukwa. Anayetunza bango hilo anatunza historia ambamo mwenyeji hasemi. Ukusanyaji wake, hata uwe makini kiasi gani, hauwezi kuiziba pengo hilo, kwa kuwa pengo limo ndani ya kitu chenyewe.

4.0 Neno kama kikumbusho

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Lugha nayo ni mkusanyaji, tena haihitaji fremu wala kabati. Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks, akiwamo John Wayne, na kupigwa picha kaskazini mwa Tanganyika. Jina lake ni neno halisi la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, nalo liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango yaliyosambazwa katika nchi nyingi. Yamkini wako watu wengi ambao neno hilo ndilo neno pekee la Kiswahili walilolipata, na walilipata kutoka ukutani mwa jumba la sinema.

Mfano wa pili ni Mogambo ya mwaka 1953, ya mwongozaji John Ford. Jina hili lina sura na sauti ya Kibantu, na linafanana na mgambo, lakini si neno la Kiswahili. Katika mfano wa kwanza bango limelichukua neno letu; katika wa pili limetuundia neno ambalo hatuna. Mwanaisimu anayechunguza taswira ya Kiswahili nje ya Afrika Mashariki atapata katika mabango haya data ambayo haimo katika kamusi.

Mfano wa tatu unatoka upande wetu. Watazamaji wa Afrika Mashariki humwita mhusika mkuu wa filamu stelingi, na wanajua kanuni kwamba stelingi hafi. Neno hili laelekea kutokana na neno la Kiingereza lililochapishwa kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu, kabla ya majina ya waigizaji wakuu. Watazamaji walilisoma, wakalitamka kwa kufuata mfumo wa sauti wa Kiswahili, na maana ikahama kutoka kitendo cha kuigiza hadi mtu anayeigiza. Karatasi zilioza lakini neno likabaki. Hata katika vibanda vya video, ambamo watafsiri kama Lufufu walijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, stelingi aliendelea kuwa na nafasi yake. Mtafsiri huyo, kwa maoni yetu, ni kinyume cha Mohammed wa filamu tuliyoijadili: yeye ameikuta filamu imekwisha kutengenezwa, na bado akajipa sauti ndani yake.

5.0 Pingamizi na mapendekezo

Yawezekana kupinga kwamba bango na tikiti si fasihi, na kwamba idara ya Kiswahili ina kazi nyingine. Jibu letu ni kwamba hadhira ni sehemu ya fasihi, na kwamba kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita hadhira ya Kiswahili ilijifunza kufuata visa, kuhukumu wahusika na kuazima maneno ndani ya giza la ukumbi wa sinema. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kukusanya kunaweza kuwa jina lingine la kunyang'anya, kama historia ya Königsberg inavyoonyesha. Mtafiti anayeingia vijijini na kuondoka na karatasi au kipande cha chuma cha mzee hatofautiani sana na mzamiaji wa mwaka 1924.

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kabla ya kukusanya vitu, yakusanywe masimulizi, kwani masimulizi hayamwachi mwenyewe mikono mitupu. Wazee wa delta wana namna zao za kusimulia yaliyopokewa kuhusu vita vya mikoko, na wazee wa miji wana yao kuhusu majumba ya sinema. Pili, kitu kinapopatikana, kipigwe picha na kibaki kwa mwenyewe, naye apewe nakala ya maelezo yaliyoandikwa. Tatu, iandaliwe orodha ya msamiati wa sinema wa Kiswahili, pamoja na mahali na kipindi cha matumizi ya kila neno.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kisa kimoja cha Rufiji kimetawanyika: mizinga imekwenda Mombasa na Pretoria, shaba imeuzwa, taswira imepigwa Afrika Kusini na Malta, na bango liko kwa shabiki wa nyota. Kilichobaki katika delta ni tope, mikoko na masimulizi. Kati ya hivyo, masimulizi ndiyo yanayoweza kupotea bila kuonekana, kwa sababu kupotea kwake hakuachi hata mkunjo wa karatasi. Wakusanyaji wa mabango wametufundisha kwamba kitu hupata thamani pale mtu mmoja anapokataa kukitupa. Ni wajibu wa taaluma yetu kukataa vivyo hivyo, na kuanza kabla wasimulizi hawajatutoka.