Kwa Nini Tovuti Nyingine Hurudiwa na Nyingine Husahauliwa

Kila mwaka, aghalabu mwezi Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya kidato cha nne, na wanafunzi na wazazi wengi huifungua tovuti ya Baraza kwa simu zao. Kurasa za matokeo hazina mapambo. Kuna orodha ya shule, na kila jina la shule hufungua jedwali la namba za watahiniwa, madaraja na alama za masomo. Mchoraji wa matangazo angeziona kurasa hizo kuwa kavu mno. Lakini mwanafunzi wa Mbagala mwenye simu ya bei nafuu huipata haja yake kwa kubonyeza mara mbili au tatu tu.

Ni kweli kwamba watu wangerudi hapo hata kama kurasa zingekuwa mbovu, maadamu matokeo yana chanzo kimoja. Shule binafsi ya Tegeta au Chamazi inayojifungulia tovuti haina bahati hiyo. Mzazi akishindwa kuiona ada, hufunga ukurasa na kutazama shule nyingine. Na fedha zilizolipwa kwa fundi, ambazo pengine zingenunua vifaa vya maabara, huwa zimepotea. Hivyo yafaa kuchunguza ni mambo gani humfanya mgeni wa tovuti arudi.

La kwanza ni uzito. Ukurasa hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Chukua mfano wa ukurasa wenye picha kubwa, herufi za mapambo na programu za kuchezesha picha, wenye jumla ya megabaiti 2.5, na mwingine wa maandishi na jedwali, wenye kilobaiti 50. Mtandao ukipitisha biti milioni 1 kwa sekunde, ukurasa wa kwanza utahitaji sekunde 20, na wa pili chini ya nusu sekunde. Kifurushi cha megabaiti 100 kitaufungua ukurasa wa kwanza mara 40, na wa pili mara 2,000. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni fedha iliyomo mfukoni mwake.

Huenda msomaji akauliza: je, mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika Dar es Salaam mwaka 2009, na mingine ikafuata? Ulifika, na njia ya kwenda ng'ambo ikapanuka sana. Lakini kipande cha mwisho, kutoka mnara hadi simu, hugawanywa na watu wote wanaotumia mnara huo kwa wakati mmoja. Jioni, katika mtaa wenye watu wengi kama Tandika, fungu la kila mmoja huwa dogo.

Kungoja nako kuna mipaka yake katika akili ya binadamu. Robert Miller wa Marekani aliliandika jambo hili mwaka 1968, kabla tovuti hazijakuwapo, na Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, akalifafanua mwaka 1993. Jibu lijalo ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huonekana kuwa la papo hapo. Hadi kufikia sekunde 1, mtu hutambua kwamba anangoja, ila mawazo yake hayakatiki. Zikipita sekunde 10, akili yake huhamia jambo jingine. Sekunde 20 za mfano wetu ni maradufu ya mpaka huo.

Mkosaji mkubwa mara nyingi ni picha. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12, ambapo kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina upana wa pikseli 720 tu. Kivinjari hupokea picha nzima, kisha huibana ili ienee kiooni. Ziada yote imelipiwa na haionekani. Picha hiyo ikipunguzwa kabla ya kuwekwa, iwe 720 kwa 540, hubaki pikseli 388,800, yaani takriban sehemu moja ya 31. Kadhalika fomu ya kujiunga iliyopigwa picha kwa mashine huwa na uzito mara nyingi zaidi ya fomu ileile iliyochapwa kama maandishi. Tena seva yaweza kuagizwa iviruhusu vivinjari kuhifadhi ndani ya simu nembo na vipande visivyobadilika, ili mgeni arudipo asivipakue upya.

Jambo la pili ni nuru, nalo husahauliwa na mafundi wanaofanya kazi ndani ya vyumba vyenye mapazia. Ukurasa husomwa kituoni, juani. Chukua kioo ambacho sehemu yake nyeupe ina mng'ao wa vipimo 400, na herufi za kijivu vipimo 100: uwiano ni 4 kwa 1. Mwanga wa jua unaoakisiwa na kioo huongezeka pande zote mbili. Ukiwa vipimo 200, uwiano huwa 600 kwa 300, yaani 2 kwa 1, na herufi hufifia. Herufi nyeusi za vipimo 10 zingebaki na uwiano wa karibu 3 kwa 1. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za tovuti, hutaka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1 hata kabla jua halijahesabiwa.

Kisha kuna njia ya kuifikia haja. Tovuti nyingi za shule hufunguka kwa picha ya jengo na salamu ndefu za mkuu wa shule. Salamu ni adabu njema, ila mzazi amekuja kutafuta ada, na ada imefichwa chini ya maneno kama «taarifa za kitaasisi». Neno la kubonyeza na liwe lile analolitamka mwenyewe: Ada, Matokeo, Kujiunga. Na liwe kwa Kiswahili, hata kama shule hufundisha kwa Kiingereza, kwa kuwa mlipaji wa ada si lazima awe msomaji wa Kiingereza.

Mgeni aliyefaulu mara ya kwanza atarudi ikiwa atakuta jipya lenye tarehe, na ikiwa anwani aliyoihifadhi bado inafunguka. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti huko CERN mwaka 1989, aliandika mwaka 1998 akisisitiza kwamba anwani zisibadilishwe. Kila anwani iliyovunjika huvunja pia viungo vyote vilivyotumwa kwa simu kati ya wazazi.

Haya yote hupimika bila gharama. Mtu asiyeijua tovuti apewe simu, aambiwe atafute ada ya kidato cha kwanza, na mwenye tovuti akae kimya amtazame. Nielsen na Thomas Landauer walikadiria mwaka 1993 kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, mtu mmoja hufichua asilimia 31 ya kasoro. Zinazomponyoka ni 0.69, zinazowaponyoka watu watano ni 0.69 kwa kipeo cha tano, yaani takriban 0.16. Basi watano hufichua kama asilimia 84. Watano hao wasitoke katika chumba cha walimu. Watafutwe langoni, miongoni mwa wazazi waliokuja kulipa ada, kila mmoja na simu yake mwenyewe. Na kasoro zikisharekebishwa, watafutwe wengine watano.