Mabingwa wa Kuyeyusha Dhahabu

Kwa ubishi wa kuachia elektroni, dhahabu haina mpinzani kati ya metali. Ndani ya maji matupu hudai takriban volti 1.7, na oksijeni, hata kwenye asidi kali, hufikia 1.23 tu. Ndiyo maana kipande kilichozama mtoni karne na karne huibuka kiking'aa.

Migodini, aliyevunja ubishi huo kuliko wote ni sayanaidi. Ikishashikamana na dhahabu, volti hushuka hadi karibu hasi 0.6, na oksijeni ya hewani inamaliza kazi. Hataza ya MacArthur na ndugu wawili Forrest ilitoka Glasgow mwaka 1887; wachenjuaji wa marudio kule Geita na Chunya wanaitegemea sayanaidi hadi leo.

Na amonia? Peke yake huishusha volti hadi 0.56 hivi. Kimahesabu inatosha, ila bila joto dhahabu haitikisiki. Watafiti huipika kwenye mitungi ya shinikizo, joto likipita nyuzi 100.

Ikichanganywa na thiosulfeti na shaba kidogo, mambo hubadilika, na kwa macho yangu hakuna myeyusho mzuri kuliko huu: buluu iliyokolea kama wino. Upande mmoja wa punje, thiosulfeti huichukua dhahabu iliyoacha elektroni. Elektroni hiyo hupita ndani ya punje hadi upande wa pili, inakopokelewa na ayoni ya shaba iliyozungukwa na amonia. Oksijeni huinyang'anya shaba elektroni hiyo, nayo hurudi kazini. Kasoro ni kwamba shaba hiyohiyo huila thiosulfeti, na salfa inayobaki huipaka dhahabu utando.

Kiwanda cha kwanza kikubwa cha thiosulfeti, cha kampuni ya Barrick pale Goldstrike, Nevada, kilianza kutoa dhahabu mwaka 2014. Mawe yake yana kaboni ya asili inayonyonya dhahabu ya sayanaidi, lakini ile ya thiosulfeti haiishiki; ilinaswa kwa resini. Cha kuchekesha, kiwanda hicho kilitumia thiosulfeti ya kalsiamu, bila kuongeza amonia.

Rekodi ambayo amonia hainyang'anywi ni ya hatari. Ikikutana na kloridi ya dhahabu, huacha unga uliojulikana tangu karne ya 16, unaohesabiwa kuwa kilipuzi kikali cha kwanza duniani. Fundi anayeyeyusha vipande vya simu kwa mchanganyiko wa asidi ya naitriki na hidrokloriki aiweke amonia mbali: unga huo ukishakauka, msuguano wa kijiko tu unaulipua.