Siku Zetu za Mwisho Dar es Salaam



Wengi mliuliza tulikuwa wapi tangu mwezi wa tano. Wengine waliambiwa tuko Lubumbashi kwa ndugu, wengine waliambiwa tumefuata bidhaa. Maneno hayo tuliyatoa sisi wenyewe, na hayakuwa kweli. Tulikuwa Dar es Salaam, Tanzania, miezi minne na siku chache, kwa sababu ya kansere ya shingo ya kizazi.

Tunaandika wawili, mume na bibi. Tukisema "mama" ni yule aliyekuwa mgonjwa. Tukisema "baba" ni yule aliyekuwa akibeba mfuko. Tuliombwa tueleze safari yote, lakini majuma mengi yalifanana: kuamka, kuvuka maji, kungoja, kulala. Tutakaa zaidi juu ya siku za mwisho. Tulidhani zitakuwa nyepesi, kumbe hatukuwa tumejiandaa hata kidogo kurudi nyumbani.

Kwanza, namna tulivyofika kule. Mama alitoka damu nje ya siku zake mwaka mzima na zaidi, na mara nyingi baada ya kulala na bwana wake. Mahali pamoja alipewa dawa za kumeza, mahali pengine vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyemwangalia ndani, na yeye mwenyewe hakuomba, kwa haya. Mpaka siku alipoanguka sokoni. Hapo munganga mmoja mwanamke akamwangalia, akachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Jibu lilipokuja alitueleza bila kuzunguka: imekwisha kupita hatua ya kuondolewa kwa upasuaji, inataka mionzi, tafuteni mahali penye mashine. Tuliuza kiwanja, tukaomba zamu yetu ya likelemba mbele ya wakati (asante kwa mama waliokubali bila kuuliza neno), tukapanda basi.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko kando ya bahari, karibu na Ikulu. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani kama hospitali, likamalizika mwaka 1897, nalo bado limesimama na kuta zake nene na varanda zake. Mama alipofika damu yake ilikuwa chini sana, wakasema hawawezi kuanza hivyo. Baba alitoa damu. Tulingoja vipimo, tukangoja zamu. Kisha mionzi ya nje, siku tano kwa juma, mara 25, na mara moja kwa juma dawa ya mshipani iliyomtapisha mpaka usiku. Mwisho, mionzi ya ndani.

Tulipanga chumba ng'ambo ya maji, Kigamboni, maana upande wa mjini bei ilitushinda. Kila asubuhi tulivuka kwa kivuko, shilingi 200 kwa mtu, tumebanwa katikati ya baiskeli, bajaji na wauza samaki. Sisi watu wa migodi bahari tulikuwa tukiiona katika picha tu. Juma la kwanza mama alifumba macho mpaka ng'ambo. Juma la mwisho alikuwa akitafuta nafasi ya mbele ili apate upepo.

Na Kiswahili! Tulikwenda tukijisifu kwamba lugha si shida. Siku ya kwanza baba aliuliza mlangoni, "Munganga iko wapi?" Askari akamtazama vibaya: kule mganga ni mtu wa mizizi na hirizi, na huyu baba anamtafuta hospitalini! Wa kwao anaitwa daktari. Baba akasema tena, "Bibi yangu ni mugonjwa," na muuguzi akaanza kutafuta mzee mwenye mvi, kwa sababu kule bibi ni nyanya ya mtu. Mama, miaka 41, alikasirika siku mbili. Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha. Juma la mwisho tulimwambia mama mwenye nyumba, "Posho hii tunaenda," naye akafurahi kwa ajili yetu, akidhani tumepata fedha. Kumbe kule posho ni malipo; hakujua kwamba kwetu ni juma.

Sasa siku hizo za mwisho zenyewe.

Jumatatu mama alimaliza mionzi ya ndani. Alitoka chumbani akitembea polepole, baba akamwuliza, "Imeisha?" akajibu, "Wamesema imeisha." Tulikaa kwenye benchi nje na hatukujua la kufanya. Miezi minne kila siku ilikuwa na saa yake na karatasi yake, na ghafla hapakuwa na mtu wa kutuambia kesho tuje saa ngapi. Mama alilia. Baba alikwenda kununua machungwa, akarudi bila machungwa.

Jumanne muuguzi mmoja alituita wote wawili. Baba alitaka kubaki nje. Alisema ni maneno ya wanawake. Muuguzi akamwambia, "Baba, haya ni yako hasa, ingia." Tunayaandika alivyosema, kwa sababu tunajua nyumba nyingi ambazo maneno haya hayasemwi.

Alianza kwa kumwuliza baba anaogopa nini. Baba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema anaogopa mionzi itamrukia. Miezi minne alikuwa amelala chini kwenye mkeka, na mama alidhani ni kwa sababu ya harufu yake. Hatukuwa tumeulizana hata mara moja. Muuguzi akaeleza: mionzi ya nje haibaki mwilini, mashine ikizimwa imekwisha. Ile ya ndani nayo, chanzo chake kinaondolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kansere yenyewe haimwambukizi mume. Kinachopita kati ya watu ni kirusi kinachoitwa HPV. Watu wengi wanakipata wakati fulani wa maisha na mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wanawake wachache kinabaki, na inachukua miaka, mara nyingi 15 hadi 20, kugeuka kansere. Kwa hiyo, alisema, msianze kutafuta nani alimletea nani. Hapo sote wawili tulitazama chini, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kutafuta.

Kisha akageuka kwa mama. Siku zake za mwezi hazitarudi, na hatabeba mimba tena. Joto la ghafla na usingizi wa kukatika ni kwa sababu hiyo, si wazimu. Mambo ya nyumba yangoje mpaka apone na daktari amwangalie, kisha yaanze taratibu. Njia inaweza kujibana kwa sababu ya mionzi, kwa hiyo alimpa kifaa laini cha plastiki na mafuta yake, akamfundisha kukitumia mara kadhaa kwa juma. Doa dogo la damu lisimtishe. Damu nyingi, arudi hospitali mara moja. Mama alikificha kile kifaa chini ya mfuko, katikati ya nguo, na mpaka tunafika Kasumbalesa alikuwa akiomba askari wasifungue mfuko ule.

Kuna jambo moja baba hakulisema mbele ya muuguzi, akalisema usiku. Mama yake anangoja mtoto wa tano. Tuna wanne. Baba alisema atamwambia yeye mwenyewe, mama asimwambie. Amekwisha kumwambia. Haikuwa siku nzuri, lakini imepita.

Jumatano ilikuwa ya karatasi, na hapa tunaomba mama yeyote mwenye mgonjwa ugenini asikilize vizuri. Usiondoke bila barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, hatua yake, mionzi kiasi gani na tarehe gani, dawa gani, na lini aonwe tena. Bila hiyo, daktari wa nyumbani anaanza kubahatisha. Yetu iliandikwa kwa Kiingereza, na madaktari wetu wanasoma Kifaransa, basi mpwa wetu wa Lubumbashi aliitafsiri baadaye. Tulitoa nakala tatu: moja kwenye mfuko, moja kwa baba, moja tukaipiga picha kwa simu. Tuliangalia pia pasipoti na karata za chanjo ya homa ya manjano. Mama aliandikiwa kuonwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza.

Alhamisi tuligombana. Zilibaki fedha kidogo, na baba alitaka tuziweke zote katika bidhaa za Kariakoo, tuuze Likasi, tulipe madeni. Si wazo la kijinga. Nusu ya watu wetu waliokuwa katika mitaa ile siku hiyo walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Mama alisema fedha hizo ni za kuonwa mwezi wa kumi na mbili. Tulisimama mbele ya duka la vitenge tukibishana kwa Kiswahili chetu, na mwenye duka akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kuuliza sisi ni watu wa wapi. Tulinunua kanga kumi za kuuza na madaftari ya watoto, zilizobaki mama akazishona ndani ya pindo la sketi. Baba bado anasema tungenunua ishirini.

Madaftari, kwa sababu masomo yalikuwa yamekwisha kuanza bila sisi. Mtoto mdogo alikuwa ameingia mwaka wa kwanza akipelekwa na shangazi yake. Alipopigiwa simu usiku ule aliuliza jambo moja tu: "Mtaleta bahari?"

Ijumaa mama alikwenda kuagana na wenzake wa benchi. Watu wasiopita hapo hawajui benchi lile: wanawake wa Tanga, wa Songea, wa Komoro, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakijua damu ya kila mtu ni ngapi leo. Wawili waliokuwa wameanza naye hawakumaliza. Mwingine alikuwa anaanza, kijana, na aligunduliwa mapema, kwa kupakwa siki tu kwenye kliniki ya uchunguzi. Siki, wamama. Wanapaka kidogo, wanangoja dakika moja, mahali penye shida panageuka peupe. Kama ni mwanzo, mara nyingi panatibiwa kwa baridi au kwa joto, mtu anarudi nyumbani kupika. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na mwenye virusi vya ukimwi aanze na miaka 25, kwa sababu hatari yake ni mara sita. Mama alirudi chumbani akiwa kimya. Alikuwa anahesabu miaka ambayo angeweza kupimwa hivyo, na kiwanja bado kingekuwa chetu.

Wenzake walimpa kanga. Tulisoma maandishi yake, kila neno tukalijua, na maana hatukuipata. Walicheka sana, wakakataa kutueleza.

Usiku ule dada alipiga simu kutoka Kikula: wamama wa chama wanataka kuja kutupokea, aseme tulikuwa wapi? Baba alisema aseme ni malaria iliyopanda. Mama hakujibu. Tulizima taa. Baada ya muda mrefu mama akasema, "Nikisema malaria, yule anayetoka damu sasa hivi katika kikundi chetu atakunywa dawa ya malaria." Baba akauliza, na watu wakimkimbia? Mama akasema, basi wewe si umeacha mkeka? Na kweli, usiku wa tatu baba alikuwa kitandani. Asubuhi, kabla ya jogoo, baba mwenyewe alimpigia dada na kumwambia ukweli.

Jumamosi tulitoka kituo cha Magufuli, Mbezi. Kwenda tulikuwa tumesafiri bila kulala. Kurudi tulilala Mbeya, maana mionzi inachoma tumbo na mtu hawezi kukaa kwenye kiti siku nzima. Kwa mwenye safari kama hiyo: beba unga wa maji ya chumvi na sukari, nguo za kubadili, mto wa kukalia, na mwambie dereva mapema, kabla ya kuondoka, kwamba mgonjwa atahitaji kusimama. Wa kwetu alikuwa na moyo, alisimama mara nne kabla ya Iringa na aliyenung'unika akamnyamazisha. Tunduma tulibadili fedha. Zambia tuliipita zaidi usiku. Kasumbalesa mfuko haukufunguliwa.

Tuliingia Likasi Jumanne jioni, miti ya jakaranda imeanza kutoa maua. Mtoto mdogo alitafuta katika mizigo yote. Baba alikuwa amejaza chupa moja ya maji ya bahari, yakamwagika Morogoro. Ikabaki chupa yenye mchanga kidogo chini. Mtoto aliunusa, akaulamba, akasema ni chumvi tu.

Tangu tufike, wamama saba wamekuja nyumbani, wengine mchana, wengine giza likiingia. Watatu waliuliza habari za siki. Mama anakwenda nao Lubumbashi Jumatano ijayo kwa yule munganga mwanamke, na bado kuna nafasi mbili katika gari. Mwenye kutaka aseme na katibu wetu, si lazima aseme kwa nini. Tarehe ya mama mwenyewe ni Desemba. Baba ameiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jikoni, pembeni ya alama za urefu wa watoto.