Sura ya Tano: Dola, Sanaa na Vijana wa Miteremko ya Kilimanjaro

Kabla ya ubao na chaki kupanda mlima, vijana wa Kichagga walioingizwa katika utu uzima walisomeshwa kwa mregho, yaani fimbo iliyochongwa chale na alama, ambayo mwalimu aliishika na kuipitia alama moja baada ya moja huku akiimba na wanafunzi wakimwitikia, hata kila chale ikakaa katika kumbukumbu ya kijana pamoja na wimbo wake. Katika elimu hiyo uchongaji, uimbaji na ufasaha wa kauli havikuwa masomo matatu yaliyogawiwa saa zake, bali vilikuwa chombo kimoja cha kufikishia mambo mazito kuliko yote: asili ya mwili, haki ya jirani, heshima ya wazee na wajibu wa kulea. Habari za mafunzo haya zilikusanywa na Bruno Gutmann, mmishenari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuishi Old Moshi kwa miaka mingi, akazichapisha kwa Kijerumani katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Naye Otto Raum, aliyezaliwa papo hapo mlimani kwa wazazi wamishenari, akaongeza habari za malezi na michezo ya watoto katika kitabu chake cha mwaka 1940.

Naanza na mregho kwa kuwa wako watu wema, tena wenye vyeo, wanaodhani kuwa kumfundisha kijana sanaa ni jambo la ziada lililoletwa na starehe ya nyakati hizi, linaloweza kungoja hata hesabu na sayansi zitakapokwisha kushiba. Ukweli ni kinyume chake. Jamii iliyokuwa haina karatasi iliona kwamba jambo la ghaya ya umuhimu halina budi kuimbwa na kuchongwa ili lisipotee, na ikamweka mtu maalumu, mwenye kulijua kwa yakini, awe mwalimu wa jambo hilo. Ninalotaka kulieleza katika sura hii ni hilo la mwisho, la mwalimu, kwa maana dola yoyote inayowapenda vijana wake ina kazi mbili katika sanaa, kuwafundisha na kuwasherehekea, na mwenye kuzitazama kazi hizi kwa insafu katika nchi yetu ataona kuwa ya pili tumeifanya kwa moyo mkunjufu zaidi kuliko ya kwanza.

Walutheri wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki waliokwisha kuwatangulia kidogo huko Kilema, walikuja na muziki wao, na aghalabu walikuja pia na amri ya kuzikomesha ngoma walizozikuta, kwa kuziona ni upagani. Gutmann mwenyewe hakuwa katika mkumbo huo, kwani aliamini kuwa ukoo, ujirani na rika ni misingi ambayo Ukristo ungejengwa juu yake, si kifusi cha kuondolewa. Lakini sauti yake haikutosha, na mambo mengi yaliyoimbwa vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani, yalizimika katika umri wa kizazi kimoja. Hasara hiyo ni kubwa, na sioni sababu ya kuipunguza. Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme pia kwamba kwaya ya kanisa ndiyo iliyokuwa, na mpaka leo ndiyo, shule kubwa ya muziki mkoani Kilimanjaro.

Mtu akipita Jumamosi alasiri katika mtaa wowote wa Machame, Marangu, Kibosho au Rombo, atasikia kwaya ya vijana ikifanya mazoezi, na akiingia ataona mambo ambayo shule nyingi hazina: vijana waliogawanywa katika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, mwalimu wa kwaya aliyeandika nota za sol-fa ubaoni na anayerudia mstari mmoja mara kumi pasi na kukasirika, na nidhamu ya kumsikiliza mwenzako kabla ya kuinua sauti yako. Katika sharika kadhaa za Kilutheri yapo pia matarumbeta, ambayo kijana huyapokea mikononi mwa aliyemtangulia, akafundishwa namna ya kukaza midomo na kupima pumzi, kisha naye akamfundisha mdogo wake. Walimu hawa aghalabu hawana cheti cha muziki wala mshahara wake. Wengine ni wakulima wa kahawa, wengine ni makarani mjini Moshi, na usiku wa mkesha wa Krismasi, pale watu wa mlimani waliotawanyika nchi nzima wanaporudi nyumbani na makanisa yakafurika, kazi yao husikika na kila mtu, ilhali majina yao hayatajwi na mtu.

Katika uchoraji hali imekuwa tofauti, kwa sababu kanisa halikuwa na nafasi ya mchoraji kama lilivyokuwa na nafasi ya mwimbaji. Hata hivyo, mlima huu umetoa wachoraji wawili ambao historia ya sanaa ya Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila ya majina yao. Wa kwanza ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923, akaenda chuo cha Makerere, Uganda, na kumkuta Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa ameanzisha masomo ya sanaa huko mwishoni mwa miaka ya 1930, na ambaye itikadi yake ilikuwa kwamba kijana wa Kiafrika asishurutishwe kuiga picha za Ulaya, bali aongozwe kuyachora yale aliyoyaona kwao. Ntiro akayachora: migomba iliyosongamana, watu wakilima na kuvuna kwa pamoja, njia za mlimani na misafara ya harusi. Baadaye akasoma katika skuli ya Slade huko London. Na picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika hazina ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Nchi ilipopata uhuru, mchoraji huyu alipelekwa London kuwa balozi wa Tanganyika, na aliporudi akaongoza shughuli za utamaduni serikalini, akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wa pili ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu wa mwaka 1932, ambaye naye alipita Makerere, akachora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, mazingira yakiwa ya Kikuyu na Masihi mwenyewe akiwa Mwafrika, jambo ambalo katika miaka ile lilihitaji ushujaa. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waasisi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, na huku kwao, katika miteremko ya Kilimanjaro, alianzisha nyumba ya maonyesho aliyoiita Kibo, ili picha zitazamwe na watu ambao mashamba yao yamo ndani ya picha hizo.

Hebu tuizingatie njia waliyopita mabwana hawa. Hapana hata mmoja aliyefanywa mchoraji na tamasha, medali au hotuba ya mgeni rasmi. Kila mmoja alifanywa na mwalimu aliyekaa naye miaka, katika skuli ambayo Tanganyika wakati ule haikuwa na mfano wake, hata ikawalazimu kuvuka ziwa kwenda kuitafuta. Na kila mmoja, alipokwisha kukomaa, alijitaabisha kutengeneza mahali pa wengine, huyu kwa kalamu ya ofisi na yule kwa kuta za nyumba ya maonyesho. Najiuliza ni vijana wangapi wa Kibosho au Mwanga waliokuwa na jicho kama la Ntiro, nao wakafa wakiwa mafundi wa kupaka rangi milango, kwa sababu barabara ya kwenda Makerere haikupita kwao.

Haja hii ya kuwafungulia vijana njia ya sanaa, serikali ya uhuru iliiona mapema. Mwalimu Nyerere, akihutubia Bunge siku ya pili ya Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kuyaunganisha mambo hayo mawili katika jina la wizara moja kulikuwa ni tendo la busara. Baada ya Azimio la Arusha, ngonjera za Mathias Mnyampala, ambaye kitabu chake Ngonjera za Ukuta kilitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, zikaenea shuleni, hata ikawa hapana mgeni anayepokewa bila ya watoto wawili kusimama na kujibizana kwa beti. Zikaja halaiki, mashindano ya kwaya na ngoma baina ya shule hadi ngazi ya taifa, na nyimbo za kuupokea Mwenge wa Uhuru, ule ambao mwenzake wa kwanza uliwashwa kileleni Kibo Desemba 1961. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na tangu mwaka uliofuata tamasha lake likawa la kila mwaka.

Haya yote ni mema, na mtoto aliyewahi kusimama mbele ya halaiki ya watu akaimba shairi lake bila ya kutetemeka amepata hidaya ya maisha. Lakini sherehe ya namna hii ina kasoro yake: mgeni akiisha kuondoka, mazoezi nayo hukoma, na mwalimu wa Kiswahili au wa jiografia aliyeteuliwa kwa sababu ana sauti nzuri hurudi kwenye somo lake hadi barua nyingine ije kutoka wilayani.

Jirani zetu wa Kenya, ambao mpaka wao pale Holili ni mwendo mfupi kutoka Moshi, wamelishughulikia jambo hili kwa namna nyingine. Tamasha lao la muziki lilianza mwaka 1927, na la tamthilia za shule mwaka 1959, na kwa kuwa hupanda ngazi kwa ngazi kila mwaka, na majaji hueleza kwa nini kazi hii imepita na ile imeshindwa, tamasha lenyewe limekuwa darasa. Kila shule inajua kuwa mwakani litarudi, kwa hiyo inamtafuta mwalimu na kumtunza. Tamasha la tamthilia lina mtihani wake pia: mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere uliosema juu ya ugawaji wa mali ya nchi ulizuiwa, hata Mahakama Kuu ikaamua uchezwe. Dola inayowafundisha vijana kusema haina budi kustahimili watakayoyasema.

Sisi wenyewe tunao mfano ulio bora kuliko huo, nao hausifiwi ipasavyo. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wanazuoni wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana hukaa wakayataja yale yanayowazuia kusoma, wakayajadili, kisha wakatunga mchezo na kuucheza mbele ya walimu na wazazi wale wale waliokuwa wakiogopa kuwaambia. Mradi huu ulienea nchi nyingine za Afrika, na nguvu yake haikuwa katika jukwaa, kwani mara nyingi jukwaa lilikuwa ni uwanja wa shule tu, bali katika miezi ya mafunzo iliyotangulia onyesho.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo katika shule za msingi, na Baraza la Mitihani tangu zamani hutahini muziki, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho katika sekondari, ingawa shule zinazoyafundisha ni chache. Watu wa mlimani wanaelewa vizuri kuliko wengi kwamba maji ya msituni hayafiki kihambani kwa amri; sharti kuwe na mfongo, yaani mfereji, na wenye zamu ya kuusafisha. Somo limeandikwa, bali walimu waliosomea sanaa, kama wale ambao chuo cha Butimba huko Mwanza kimejulikana kwa kuwatoa, hawatoshi.

Kwa hiyo rai yangu ni kuwa halmashauri za Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same zisingoje kila shule ipate mwalimu mwenye shahada. Mafundi wapo: walimu wa kwaya, wapiga matarumbeta, wachongaji, wasusi wa vikapu na mikeka, na wazee wachache ambao bado wanazijua nyimbo za rika lao kwa ukamilifu wake. Afisa utamaduni wa wilaya awaorodheshe, chuo cha ualimu cha Marangu kiwape mafunzo mafupi ya namna ya kulishika darasa, na kila mmoja apewe shule mbili au tatu za kuzuru kila wiki, mwaka mzima, kwa ujira ulioandikwa katika bajeti ya halmashauri mahali pale pale panapoandikwa chaki na madawati.