Sauti Nayo Ni Kipimo

Chupa yoyote ya wiski inayouzwa kihalali Nyeri, Karatina, Nanyuki au Meru huonyesha kiwango cha kileo kilichomo, na mara nyingi kibandiko husema asilimia 40. Mhudumu naye hamimini kwa kukisia. Ana kikombe kidogo cha kupimia, mililita 30 kwa mara moja. Lakini ukutani, juu ya kichwa chake, kuna spika ambayo haipimwi na mtu. Hupandishwa ukumbi unapojaa, hupandishwa tena mteja anapoomba wimbo aupendao, na kufikia usiku hakuna ajuaye imefika wapi. Utafiti wa miaka 30 hivi iliyopita umeonyesha kwamba sauti inayomfikia mnywaji hubadilisha kasi yake ya kunywa, idadi ya glasi anazoagiza na hata ladha anayoipata ulimini. Ikiwa ni hivyo, sauti ni sehemu ya kipimo sawa na mililita na asilimia. Ndiyo maana baa ndogo ya wiski inayochagua muziki wake kwa makini, na kuupiga kwa kiasi, inastahili kuchukuliwa kwa uzito katika miji inayouzunguka Mlima Kenya.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Ufaransa. Mwaka 2008 Nicolas Guéguen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika baa mbili za magharibi mwa nchi hiyo. Kwa Jumamosi tatu usiku waliwatazama wanaume 40 wa umri wa miaka 18 hadi 25, bila wenyewe kujua. Kilichobadilishwa ni ukubwa wa sauti tu: ama desibeli 72, kiwango cha kawaida cha baa hizo, au desibeli 88. Katika sauti ya kawaida, glasi ya bia ya mililita 250 ilimalizika kwa dakika 14 na nusu hivi. Sauti ilipopandishwa, glasi kama hiyo ilimalizika kwa dakika 11 na nusu hivi, na wastani wa glasi kwa kila mnywaji ukapanda kutoka 2.6 hadi 3.4. Bei haikushushwa na hakuna aliyewahimiza. Kilichozungushwa ni kitufe cha redio. Ikumbukwe pia kwamba desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kutoka 72 hadi 88 ni kuongeza nishati ya sauti mara 40 hivi, ingawa sikio huiona kama ongezeko la kawaida la usiku wa Jumamosi.

Kwa nini iwe hivyo? Watafiti hao walitoa maelezo mawili. Kwanza, muziki mkubwa huuamsha mwili, na mwili ulioamshwa hufanya kila kitu kwa haraka. Pili, muziki mkubwa huua mazungumzo, na mazungumzo ndiyo breki ya mnywaji. Mdomo unaosimulia bei ya majani chai au matokeo ya mtihani wa mtoto hauna nafasi ya kumeza. Ukinyamazishwa, mkono huifuata glasi. Watu wawili wanaokaa umbali wa mita moja huzungumza kwa desibeli 60 hivi. Kelele ikizidi hapo, kila mmoja hupaza sauti bila kujijua, tabia iliyoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa uone mambo yanavyoendelea ndani ya chumba chembamba cha sakafu ya vigae, kuta za simiti zilizopakwa rangi ya mafuta na dirisha pana la kioo. Vyote hivyo huirudisha sauti badala ya kuimeza. Meza moja inapaza sauti, ya pili inaishinda, mpiga muziki anasikia kelele za watu zimemzidi naye anaongeza. Pazia zito, viti vya kitambaa na rafu ya mbao iliyojaa sahani za santuri humeza sehemu ya mwangwi huo. Spika nne ndogo zilizo karibu na meza huweza kusikika vizuri kwa sauti ya chini, ilhali spika moja kubwa mlangoni lazima iwapigie kelele wa karibu ili wa mbali wasikie.

Upande wa ladha, Kiswahili kilitangulia. Sisi husikia sauti, na tena husikia harufu, husikia utamu, husikia uchungu. Kitenzi kimoja kwa milango kadhaa ya fahamu. Maabara za Uingereza zimekuja kuonyesha kwamba milango hiyo kweli hupitishiana habari. Mwaka 2013 Carlos Velasco, Charles Spence na wenzao waliwapitisha watu zaidi ya 400 katika vyumba vitatu huko Soho, London, kila mmoja akiwa na glasi ileile ya wiski mkononi. Chumba chenye nyasi na sauti za shambani kiliwafanya waione wiski ina harufu zaidi ya majani mabichi. Chenye rangi nyekundu na milio myembamba ya kengele kiliwaongezea utamu. Chenye mbao na besi nzito kiliwaongezea ladha ya mti. Tofauti hizo zilifika kati ya asilimia 10 na 20. Ni kweli kwamba vyumba hivyo vilitofautiana pia kwa rangi na samani, kwa hiyo sauti haiwezi kudai sifa yote. Lakini mwaka 2012 Anne-Sylvie Crisinel, akiwa na Spence huyohuyo, alikuwa amebadilisha sauti peke yake: tofi ileile ilionekana chungu zaidi chini ya milio mizito, na tamu zaidi chini ya milio myembamba. Sauti haigusi hata molekuli moja ya wiski. Inachofanya ni kuelekeza usikivu wa ubongo, na ndani ya glasi yenye vanila ya pipa la mwaloni, moshi na mwasho wa kileo kwa pamoja, mahali usikivu unapoelekezwa ndipo ladha inapoonekana kutoka.

Hapa ndipo uchaguzi wa nyimbo unapopata uzito wake. Adrian North na wenzake walipiga muziki wa kodiani wa Kifaransa katika duka kubwa la Uingereza, na matokeo yao ya 1997 yanaonyesha kwamba chupa 40 za mvinyo wa Ufaransa ziliuzwa dhidi ya 8 za Ujerumani. Walipopiga tarumbeta za Kijerumani, za Ujerumani zikawa 22 dhidi ya 12. Wengi wa wanunuzi walioulizwa walikana kwamba muziki umewagusa. Muziki, basi, huleta mahali pake pamoja nao. Na mahali petu pana hazina. Kodiani hiyohiyo, pamoja na mlio wa chuma cha karing'aring'a, ilibeba mwomboko katika vijiji vya Kati tangu enzi ya ukoloni. Joseph Kamaru wa Murang'a, aliyezaliwa 1939 na kufariki Oktoba 2018, aliacha mamia ya nyimbo za magita yanayojibizana, na mjukuu wake, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya ili zisipotee. Mugithi yenyewe, neno la Kikuyu lenye maana ya gari moshi, ilianza kama kazi ya mtu mmoja na gita lake mbele ya meza chache. Gita hilo hupaa juu, kamba zake nyembamba zikidunda kwa uangavu ambao majaribio ya tofi yanauhusisha na utamu. Huko Yokohama, Japani, mkahawa wa Chigusa ulifunguliwa mwaka 1933 ili watu wasiomudu kununua sahani za jazi waende kuzisikiliza kwa bei ya kinywaji. Nyeri haina haja ya kuazima jazi ili kufanya hivyo.

Mwenye shaka atasema kwamba wanaume 40 wa Ufaransa na wapita njia wa Soho hawawezi kuwasemea Wakikuyu, ukoo wa Gikuyu na Mumbi. Shaka hiyo ni halali, na idadi ya watu katika jaribio la Guéguen ni ndogo kweli. Hata hivyo ushahidi hausimami juu ya mguu mmoja. Kuna jaribio la kasi ya kunywa, la ladha na la mauzo, yaliyofanywa na watafiti tofauti, kwa vinywaji na vyakula tofauti, na yote yanaelekeza upande mmoja. Isitoshe, sehemu kubwa ya maelezo haihusu utamaduni. Kupaza sauti ndani ya kelele, kunywa pale mtu anaposhindwa kuzungumza, mwangwi wa kigae na simiti: haya ni mambo ya sikio, koo na fizikia, na sikio la Othaya halikuumbwa tofauti na la Ufaransa. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko palepale Nyeri, kati ya wakulima waliozoea kuona kahawa yao ikionjwa na kupewa alama kijiko kwa kijiko. Jaribio la glasi mbili na nyimbo mbili halihitaji mashine ya mamilioni.

Pingamizi la pili ni la biashara, nalo ni zito zaidi. Kama kelele huuza glasi 3.4 badala ya 2.6, mwenye baa apunguze sauti kwa faida ya nani? Tena mugithi ni ngoma ya kuchezwa, watu wakishikana mabega kama mabehewa, ukiishusha umeiua. Jibu la kwanza ni kwamba kuna kumbi za kucheza na kuna vyumba vya kusikiliza, na mji unaweza kuwa na vyote viwili. La pili ni kwamba wiski si bia. Kipimo cha mililita 30 kina gramu 9.5 hivi za kileo halisi, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kasi iliyoongezwa na spika humfanya mnywaji wa bia alewe mapema kidogo, lakini kwa mnywaji wa wiski hesabu huharibika kwa mafunda machache. Biashara ya wiski nzuri, inayouzwa kwa kipimo na kwa bei ya juu, hutegemea mteja anayetofautisha chupa moja na nyingine na atakayerudi wiki ijayo. Jibu la tatu ni mhudumu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika desibeli 88 zaidi ya saa 4 kwa siku. Sheria ya vileo ya 2010, ile maarufu kama Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Hizo ni saa 6, kila siku ya kazi, na kinachoharibika ndani ya sikio hakioti tena.

Pingamizi la tatu ndilo linalogusa moyo. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu, na hakuna mji wa mlima huu usio na mama anayemlilia mwana aliyemezwa na chupa. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa nini basi kusifu baa yoyote? Simwambii asiyekunywa aanze, na muziki mtulivu haugeuzi sumu kuwa dawa. Lakini baa zipo, zina leseni na hujaa. Kati ya chumba kinachomsukuma kijana kumeza bila kusikia na kinachomwacha azungumze, aonje na aende nyumbani akiwa na glasi moja pungufu, chaguo liko wazi. Zamani muratina, pombe ya asali ya Wakikuyu, ilinywewa kwa zamu, wazee wakizungumza, na hayo mazungumzo yalikuwa sehemu ya nidhamu yake. Tulibaki na kileo tukaiacha nidhamu. Sauti ya kiasi ni njia mojawapo ya kuirudisha.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kazi mbili ambazo hadi leo hushughulikiwa kama vitu visivyojuana: leseni za pombe, na udhibiti wa kelele. Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru na Laikipia zinaweza kuziunganisha kwa mstari mmoja katika fomu ya leseni, unaotaja desibeli zinazoruhusiwa ndani ya ukumbi, kama vile chupa inavyotaja asilimia yake. Mwenye baa naye hahitaji kusubiri sheria. Programu ya kupima sauti hupatikana bure kwenye simu. Jumamosi hii saa tatu usiku, ukumbi ukiwa umejaa, asimame kwenye meza iliyo mbali zaidi na spika, apime, kisha asogee kwenye iliyo karibu zaidi. Akikuta wateja wanapigiana kelele masikioni, ashushe sauti mpaka wazungumze, halafu achague wimbo unaostahili kusikilizwa.