Mtoto mchanga safarini: mambo ya kutayarisha kabla ya kufika Rusumo

Tangu Aprili 2016, msafiri atokaye Rwanda kuingia Tanzania kwa njia ya Rusumo hahitaji tena kusimama mara mbili. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, upande wa nchi anayoingia msafiri, na shughuli ya kugonga mihuri imekuwa nyepesi kuliko zamani. Hata hivyo, wapo abiria ambao basi huwasubiri, wakati mwingine huwaacha. Miongoni mwao ni akina mama waliobeba watoto mgongoni, kwa kuwa hati ya mama imekamilika na ya mtoto haipo.

Chanzo cha kosa hili ni mazoea. Mwanzoni mwa mwaka 2014 Rwanda, Uganda na Kenya zilikubaliana kwamba raia wao waweze kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Mfanyabiashara wa Nyamirambo au Biryogo aliyezoea kwenda Kampala kwa kitambulisho huiona safari ya Tabora au Kigoma kuwa jambo lile lile. Sivyo. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwake yeye msafiri huonyesha pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Tena mtoto mchanga hana kitambulisho hata cha kumpeleka Kampala. Kadi ya kliniki yenye jina lake na uzito wake si hati ya kusafiria, ijapokuwa ni ya lazima kuichukua kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo watoto waliandikwa katika pasipoti ya mzazi. Enzi hizo zimepita. Katika utaratibu wa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2019, kila mtu huwa na yake, hata aliyezaliwa wiki iliyopita. Msingi wake ni cheti cha kuzaliwa, na hapa kuna nafuu: tangu Agosti 2020 watoto husajiliwa katika vituo vya afya wanamozaliwa, mama hajarudi nyumbani. Aliyejifungulia kwingine, au ambaye usajili wake ulisitishwa kwa sababu ya kutoelewana juu ya jina la baba, aanzie huko. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja, na mwenye harusi ya ndugu Dar es Salaam mwishoni mwa mwezi hana budi kuianza mapema.

Jambo la pili huwakera wengi, lakini lina sababu nzito. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake anaweza kuulizwa: mzazi wa pili yuko wapi, naye anajua? Mama aliyemnyonyesha mtoto huyo dakika kumi zilizopita huliona swali hilo kama tusi. Ofisa hamfahamu. Watoto huvushwa mipakani na watu wasio wazazi wao, wengine na mzazi mmoja anayemkimbia mwenzake, na nchi zetu zimetunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu; ya Tanzania ni ya mwaka 2008 na ya Rwanda ya mwaka 2018. Barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na noteri, pamoja na nakala ya kitambulisho chake, humaliza mazungumzo upesi. Mjane achukue cheti cha kifo cha mwenzake. Bibi au shangazi anayempeleka mjukuu kwa wazazi wake asithubutu kuondoka bila barua ya wazazi wote wawili. Namba ya simu iandikwe humo, na mwenye simu asiizime siku hiyo.

Kwa wanaoelekea upande mwingine, yaani Kongo, Burundi au Uganda, huongezeka suala la homa ya manjano. Kongo na Burundi hudai cheti cha chanjo kwa kila msafiri aliyetimiza miezi tisa. Uganda hudai kuanzia mwaka mmoja. Chanjo yenyewe kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi tisa, na cheti huanza kukubalika siku ya kumi baada ya sindano. Mtoto aliyechanjwa Jumatatu ili asafiri Jumatano bado hana cheti halali. Kwa upande wa faida, cheti hicho sasa hudumu maisha yote. Ile kanuni ya kurudia kila baada ya miaka kumi ilifutwa mwaka 2016. Mama anayenyonyesha mtoto aliye chini ya miezi tisa amwambie mhudumu kabla ya yeye mwenyewe kuchanjwa, kwani huenda akashauriwa asubiri.

Hati zikiwa tayari, inabaki njia. Kutoka Rusumo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, kupitia Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Mtoto hupita katika baridi ya usiku ya nyanda za kati, ambayo miezi ya Juni na Julai huwa kali, kisha hushushwa katika joto la pwani akiwa bado amevalishwa sweta mbili. Nguo zake za tabaka tabaka ziwe katika mfuko wa mkononi, si katika begi lililofungiwa chini ya basi. Kiti cha katikati ya gari hutikisika kidogo kuliko cha nyuma, na ni salama kuliko kile cha mbele kabisa kilicho karibu na kioo. Mwenye mkanda asiuzungushe juu yake na mtoto kwa pamoja: gari likifunga breki ghafla, uzito wa mzazi humbana mtoto kwenye mkanda. Mzazi ajifunge mwenyewe, mtoto awe ndani ya mbeleko iliyokazwa kifuani, nje ya mkanda. Hata hivyo si kinga kamili. Katika gari dogo, kiti maalumu cha mtoto kilichofungwa nyuma ndicho kinga ya kweli.

Kuhusu chakula, mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, hata jua la Dodoma liwe kali namna gani. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ndiye anywe maji. Ndani ya basi watatokea wenye huruma wa kusema, "Mama fulani, mpe hata funda moja, mtoto ana kiu." Washukuriwe, na funda lisitolewe, kwa sababu maji yasiyojulikana yalikotoka ndiyo huleta kuhara. Anayetumia maziwa ya kopo achukue unga mkavu na maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai, akoroge kiasi cha mlo mmoja tu. Maziwa yaliyokorogwa alfajiri hayafai adhuhuri. Pakiti mbili au tatu za ORS hazina uzito, nazo huokoa maisha. Zichanganywe katika kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, wala si kwa kukadiria.

Kuna tabia moja ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya kumpa mtoto dawa ili alale. Dawa za mafua na za mzio, Piriton ikiwa mojawapo, humfanya mtu asinzie, na baadhi ya wazazi humpa mtoto kijiko kimoja kabla ya kupanda basi ili asiwasumbue abiria. Kwa mtoto mdogo dawa za namna hii zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Promethazine, ambayo wengine huitumia kuzuia kutapika, haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Na lililo baya zaidi ni kwamba katika giza la basi hakuna atakayejua kama mtoto amelala tu au ameshindwa kupumua. Kilio cha mtoto huchosha watu, lakini kila aliye ndani ya basi hilo aliwahi kulia hivyo.

Kuna pia suala dogo la nepi chafu, ambalo huleta usumbufu usio na uwiano na udogo wake. Wengi huzitia katika mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019; mfuko wa rambo ukionekana mpakani hutwaliwa. Ndoo ndogo yenye mfuniko au mfuko wa turubai unaofuliwa hufanya kazi ile ile. Nepi zenyewe zihesabiwe kwa siku mbili zaidi ya safari, kwani magari huharibika.

Wanaosafiri kwa ndege wana maswali machache. Mashirika mengi hupakata watoto walio chini ya miaka miwili kwa karibu asilimia kumi ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili, hata akiwa katikati ya ziara, wakati wa kurudi hulipiwa kiti. Ndege inapoanza kushuka mtoto anyonyeshwe, kwani kumeza huyapunguzia masikio maumivu.

Ikumbukwe pia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kwa mtoto aliye katika dozi, mzazi ahesabu saa zilizopita tangu kijiko cha mwisho, asiitazame saa ya ukutani.

La mwisho ni malaria. Chandarua chenye dawa kichukuliwe hata kama mwenyeji anacho, maana wageni wakiwa wengi vyandarua havitoshi. Dalili za malaria mara nyingi hujitokeza siku kumi hadi kumi na tano baada ya kuumwa na mbu, yaani familia ikiwa imekwisha kurudi Kigali na safari imeanza kusahaulika. Mtoto akipata homa wakati huo apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe wazi alikolala usiku wa karibuni: Tabora, Kigoma au Dar es Salaam.