Msimbo mmoja ulivyoigharimu benki dola milioni 700

BEI ya hisa za benki huweza kushuka hata pale ambapo wakopaji wanalipa vizuri na faida inapanda. Hilo ndilo lililoikuta Commonwealth Bank, benki kubwa kuliko zote nchini Australia, mwezi Agosti 2017. Kilichoitia matatani hakikuwa mkopo mbaya wala wizi wa mtumishi. Kilikuwa ni msimbo, yaani namba fupi ambayo kompyuta hutumia kutambua aina ya muamala. Msimbo huo uliongezwa upande mmoja wa mfumo, ukasahauliwa upande wa pili.

Kesi ilipomalizika Juni 2018, benki hiyo ilikubali kulipa faini ya dola za Australia milioni 700, pamoja na dola milioni 2.5 za gharama za kesi. Kwa wakati huo ilikuwa faini kubwa kuliko zote za kesi ya madai katika historia ya makampuni ya nchi hiyo. Fedha hizo zilitoka kwenye faida, na faida ndiyo inayozaa gawio la mwanahisa.

Wanahisa wengi hawajui jinsi kazi ya kutii sheria inavyofanywa na kompyuta, kwa sababu kazi hiyo haionekani dirishani. Hata hivyo, ni sehemu ya biashara inayoweza kula faida ya miezi kadhaa kwa mpigo. Ni vyema basi kuielewa.

Kazi inavyopita ndani ya kompyuta

Sheria ya Australia ya kuzuia fedha chafu inaitaka benki itoe taarifa kwa AUSTRAC, chombo cha serikali kinachosimamia suala hilo, kila mtu anapoweka au kutoa fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi. Taarifa hiyo inatakiwa ifike katika siku 10 za kazi.

Benki kubwa haiwezi kumweka karani aandike taarifa hizo moja moja. Kazi hufanywa na programu, na hupita katika hatua tano. Kwanza, muamala unafanyika na kupewa msimbo unaoonyesha ni wa aina gani. Pili, programu inachukua miamala yote yenye misimbo ambayo imeagizwa kuitafuta. Tatu, inachuja ile iliyofikia kiwango cha sheria. Nne, inaandaa taarifa na kuituma. Tano, inapokea jibu kwamba taarifa imefika.

Mpangilio huu una udhaifu mmoja mkubwa. Hatua ya pili inategemea orodha. Muamala ambao msimbo wake haumo katika orodha hiyo haukataliwi, wala hauwekwi pembeni ili mtu auangalie. Kwa programu, muamala huo haupo.

Orodha iliyobaki nyuma

Mei 2012 benki hiyo ilianza kuweka mashine mpya za kupokea fedha. Mashine hizo zilihesabu noti na kuingiza fedha kwenye akaunti papo hapo. Kila mara moja zilipokea hadi noti 200, yaani hadi dola 20,000 kwa noti za dola 100. Hapakuwa na kikomo cha mara ambazo mtu angeweza kuweka fedha kwa siku.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Novemba 2012 mafundi waliongeza msimbo mpya ili kurekebisha tatizo dogo la ujumbe wenye makosa. Tatizo hilo liliisha. Lakini hakuna aliyeuingiza msimbo mpya katika orodha ya programu ya kutoa taarifa. Tangu siku hiyo, fedha zilizowekwa kwenye mashine kwa msimbo huo zilipita bila AUSTRAC kuarifiwa.

Hali hiyo iliendelea hadi Septemba 2015. Taarifa zilizokosa kutolewa kwa wakati zilifika 53,506, za miamala yenye thamani ya dola milioni 624.7. Hiyo ni karibu asilimia 95 ya taarifa zote zilizotakiwa kutokana na mashine hizo katika kipindi hicho. AUSTRAC ilidai mahakamani kuwa baadhi ya miamala hiyo ilihusiana na magenge ya kutakatisha fedha yaliyokuwa yakichunguzwa na polisi.

Hilo halikuwa tatizo pekee. Programu nyingine, iliyotakiwa kuangalia mwenendo wa akaunti na kutoa tahadhari, haikufanya kazi kama ilivyokusudiwa kwa akaunti 778,370. Tatizo hilo lilidumu kwa vipindi mbalimbali kati ya Oktoba 2012 na Oktoba 2015.

Kwa nini halikuonekana mapema

Swali la haki ni hili: benki yenye wakaguzi na mafundi wengi ilishindwaje kuona pengo la karibu miaka mitatu?

Jibu ni kwamba hakuna kitu kilichosimama. Mashine ikiharibika, mteja analalamika. Fedha zikipungua, hesabu za jioni zinagoma kulingana. Lakini taarifa isiyoandikwa haina mlalamikaji. Zaidi ya hayo, taarifa kutoka kwenye madirisha ya matawi ziliendelea kutumwa kama kawaida, kwa hiyo mtu aliyeangalia tu kama taarifa zinakwenda aliona zinakwenda.

Ishara ilikuwepo, ila katika vitabu viwili tofauti. Katika miezi sita ya Juni hadi Novemba 2012, mashine zilipokea dola milioni 89.1. Biashara hiyo ikakua kwa kasi, hata katika miezi sita ya kwanza ya 2016 zikapokea dola bilioni 5.81. Fedha zinapopanda namna hiyo, taarifa nazo hazina budi kupanda. Mtu ambaye angeweka hesabu hizo mbili pamoja mwaka 2013 au 2014 angeliona pengo kwa muda mfupi. Waliokuwa na hesabu ya fedha walikuwa watu wa biashara, na waliokuwa na hesabu ya taarifa walikuwa watu wa sheria.

Mwishowe ni AUSTRAC yenyewe iliyouliza, Agosti 2015, kuhusu taarifa ambazo haikuzipata. Ndipo benki ikachunguza na kugundua chanzo.

Mahakamani benki ilieleza kuwa maelfu ya makosa hayo yalitokana na kosa moja la kompyuta. Hoja hiyo ina mantiki kwa fundi, lakini sheria huhesabu kila taarifa iliyokosekana. Kila kosa lilikuwa na adhabu ya juu ya hadi dola milioni 18, na mdai ana haki ya kuhesabu yote 53,506. Benki ilitenga dola milioni 375 Februari 2018, kisha ikalazimika kufikisha milioni 700.

Tahadhari bila mtu wa kuipokea

Mfano wa pili unatoka Marekani, na unaonyesha upande mwingine wa tatizo hilo hilo. Safari hii kompyuta ilitoa tahadhari, lakini hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuishughulikia.

Kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital iliweka programu mpya katika seva zake 8 kabla ya Agosti 1, 2012. Fundi alinakili programu katika seva 7 na kuiruka moja. Seva hiyo ilibaki na programu ya zamani ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003. Soko lilipofunguliwa, programu hiyo ya zamani iliamka na kuanza kununua na kuuza bila kikomo.

Katika dakika 45 ilifanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za makampuni 154, kwa sababu ya maagizo 212 tu ya wateja. Hasara ilizidi dola za Marekani milioni 460. Bei ya hisa za Knight ilianguka kwa takriban robo tatu ndani ya siku mbili. Kampuni iliokolewa kwa mtaji wa dola milioni 400 kutoka nje, na mwaka 2013 ikaunganishwa na Getco.

Uchunguzi wa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, ulionyesha kuwa kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulituma barua pepe 97 kwa watumishi, zikitaja jina la programu ile ya zamani. Barua hizo hazikuwa zimepangwa kama tahadhari rasmi, na hakuna aliyechukua hatua.

Hata walipoanza kutafuta tatizo walizidisha hasara. Walidhani programu mpya ndiyo mbovu, wakaiondoa kwenye seva 7 zilizokuwa sawa. Sasa seva zote 8 zikawa na ugonjwa mmoja. Oktoba 2013 SEC iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 12 kwa kukosa udhibiti wa kutosha.

Mambo ya kukagua

Kutokana na mifano hii, wenye mifumo ya namna hii, wawe benki, dalali wa hisa au kampuni ya bima, wana mambo matano ya kukagua.

1. Orodha ifunge mlango, isiuache wazi. Muamala wenye msimbo usiojulikana upelekwe kwa mtu auangalie. Programu inayoruka isichokijua ndiyo iliyoigharimu Commonwealth Bank.

2. Hesabu za pande mbili zilinganishwe. Kila siku idadi ya miamala iliyofikia kiwango, ikitolewa moja kwa moja kwenye leja, ilingane na idadi ya taarifa zilizopokelewa na mdhibiti. Karani wa duka hufanya hivyo kwa stakabadhi na fedha za kwenye kasha. Si jambo geni.

3. Mabadiliko yajaribiwe hadi mwisho wa njia. Fundi akibadilisha msimbo au fomu, muamala wa majaribio upitishwe tangu mashine hadi taarifa itoke. Kuona kwamba tatizo lililokusudiwa limeisha hakutoshi.

4. Kila tahadhari iwe na mwenyewe. Jina la mtu, muda wa kujibu, na mtu wa pili endapo wa kwanza hayupo. Barua iliyotumwa kwa watu 20 mara nyingi haisomwi na yeyote.

5. Tatizo likitokea, kwanza zima, kisha tafuta chanzo. Na kabla ya kurudisha programu ya zamani, linganisha mashine inayofanya vibaya na inayofanya vizuri. Knight ingelinganisha seva zake, ingeiona ile moja iliyorukwa.

Upande wa mwekezaji

Mwanahisa mdogo hana ruhusa ya kuingia chumba cha kompyuta. Lakini kuna mambo anayoweza kuyaona akiwa nje.

La kwanza ni biashara mpya inayokua kwa kasi. Commonwealth Bank ilikiri kuwa haikufanya tathmini ya hatari ya fedha chafu kabla ya kuweka mashine zake. Benki inapotangaza mashine mpya, mawakala wapya au huduma mpya ya simu, ni haki ya mwanahisa kuuliza katika mkutano mkuu ni nani aliyekagua kwamba taarifa za kisheria zinafuata fedha hizo.

La pili ni gharama zinazokuja baada ya faini. Mei 2018 msimamizi wa mabenki ya Australia, APRA, aliiamuru benki hiyo iongeze dola bilioni 1 katika mtaji unaotakiwa kisheria. Mtaji unaotakiwa hivyo haugawiwi kwa wanahisa. Hapo ndipo mwekezaji wa muda mrefu anapoumia zaidi.

La tatu ni kwamba jirani naye huenda ana tatizo hilo hilo. Oktoba 2020 benki nyingine ya Australia, Westpac, ilitozwa dola bilioni 1.3, kwa kiasi kikubwa kutokana na kutotoa kwa wakati taarifa zaidi ya milioni 19.5 za fedha zilizovuka mipaka. Aliyeuza hisa za benki moja na kukimbilia nyingine baada ya mwaka 2017 hakupona.

Afrika Mashariki nayo si ngeni katika mambo haya. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano jumla ya shilingi za Kenya milioni 392.5, baada ya kuchunguza jinsi zilivyopitisha fedha zilizohusiana na kashfa ya shirika la vijana la NYS. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutotoa taarifa za fedha taslimu nyingi. Makosa hayo hayakuelezwa kuwa ya msimbo, lakini faini ililipwa kwa fedha za wanahisa vile vile.

Katika taarifa za hesabu za mwaka, sehemu ya udhibiti wa hatari huwa mwishoni na kwa herufi ndogo. Anayetaka kununua hisa za benki aisome sehemu hiyo, na atafute kama benki inasema ni mara ngapi inalinganisha miamala yake na taarifa ilizotuma. Kama haisemi, hilo ni swali la kwanza la kuuliza katika mkutano mkuu.